Drake: Timu ya chuo kidogo iliyoleta futiboli ya Kimarekani Tanzania

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MKAZI wa Morogoro akiulizwa habari za mpira, hakosi la kusimulia. Atakukumbusha Mseto, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975 na kuwafundisha wakubwa wa Dar es Salaam kwamba kombe linaweza kupanda barabara ya kwenda bara. Atakutajia Mtibwa Sugar ya Turiani, timu ya kiwanda cha sukari iliyokuwa bingwa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000. Akiwa mtu wa makamo, ataongeza Reli na Tumbaku, timu zilizobeba majina ya taasisi zilizozilea.

Lakini mwulize kuhusu futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa wanaume waliovaa kofia ngumu na kujaza mabega kwa vikinga, wakigombea mpira wenye umbo la yai, na huenda akakuona unamtania.

Hata hivyo, mchezo huo umewahi kuchezwa katika ardhi ya Tanzania, tena na timu kamili ya chuo kikuu kutoka Marekani. Ilikuwa Jumamosi, Mei 21, 2011, katika Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid mjini Arusha. Mchezo huo unatambuliwa kuwa wa kwanza wa futiboli ya vyuo vya Marekani kuchezwa katika bara la Afrika.

Timu iliyofanya safari hiyo haikutoka katika vyuo vinavyojaza viwanja vya watu 100,000 na kuonekana katika televisheni kila wiki. Ilitoka Chuo Kikuu cha Drake, chuo binafsi chenye wanafunzi takriban 5,000 katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, katikati ya Marekani.

Wengi wa waliokaa jukwaani siku ile waliwaona vijana wakubwa wakigongana, wakashangilia, wakaondoka. Pengine ni wachache waliofahamu kwamba timu ile ilikuwa imebeba historia ya zaidi ya miaka 100, yenye kisa cha ubaguzi wa rangi kilichotikisa Marekani, na kwamba iliwahi kufutwa kisha ikafufuliwa. Makala haya yanaeleza historia hiyo, na kwa nini inawahusu hata wakazi wa mji kasoro bahari.

Mchezo wenyewe ukoje

Kwa msomaji asiyeufahamu, ni vyema kuanza na sheria zake kwa ufupi.

Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, sawa na soka. Uwanja una urefu wa yadi 120, yaani karibu meta 110, na upana wa meta 49 hivi. Kwa hiyo ni mrefu kidogo kuliko viwanja vingi vya soka, lakini ni mwembamba zaidi.

Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele walau yadi 10, ambazo ni kama meta tisa. Ikifanikiwa, hupewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kwa sababu hiyo mchezo husimama na kuanza tena kila baada ya sekunde chache, na kila mara mbinu mpya hupangwa, kama watu wanaocheza bao kwa kutumia miili yao.

Mpira ukifikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani, timu hupata pointi sita. Bao hilo huitwa tachidauni. Baada yake timu hupewa fursa ya kuupiga mpira kati ya milingoti miwili na kuongeza pointi moja, au kujaribu kuufikisha tena mpira katika eneo hilo kwa pointi mbili. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katika milingoti wakati mchezo ukiendelea, ni pointi tatu.

Mchezaji muhimu kuliko wote katika mashambulizi ni yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua kama ataurusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Ni nahodha wa jahazi. Akiumia, jahazi huyumba. Jambo hilo tulikumbuke, kwa kuwa tutakutana nalo mbele.

Jambo jingine la kufahamu ni nafasi ya michezo katika vyuo vya Marekani. Watanzania hawalifahamu kwa kusikia tu. Suleiman Nyambui, aliyetwaa medali ya fedha ya mbio za meta 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Hasheem Thabeet alicheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuteuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA mwaka 2009.

Vyuo vikubwa huwasomesha wanamichezo bure kwa sababu ya vipaji vyao, na futiboli ndiyo inayoingiza fedha kuliko michezo mingine yote. Ni katika mazingira hayo ambapo chuo kidogo kama Drake kililazimika kutafuta njia yake.

Chuo cha jimbo la mahindi

Drake kilianzishwa mwaka 1881. Jina lake linatokana na Francis Marion Drake, mfanyabiashara na mpiganaji wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo la Iowa.

Iowa ni jimbo la wakulima. Mahindi, soya na nguruwe ndiyo sifa yake, na mji mkuu wake, Des Moines, upo mbali na bahari. Mluguru aliyezoea kuteremsha mazao kutoka mlimani hadi soko la mjini asingepata shida kuelewa mazungumzo ya watu wa huko kuhusu mvua na bei za mazao.

Timu ya futiboli ya Drake ilianza mwaka 1893. Kwa lakabu huitwa Bulldogs, jina la aina ya mbwa mwenye uso wa mikunjo na taya pana. Kwetu, kumwita mchezaji mbwa ni kutafuta ugomvi. Kwao ni sifa ya mtu asiyeachia anachokiuma.

Mapema kabisa timu hiyo ilionyesha tabia ya kujaribu mambo mapya. Oktoba 1900 ilicheza na chuo jirani cha Grinnell usiku, kwa mwanga wa taa za umeme. Mchezo huo unatajwa kuwa wa kwanza wa futiboli kuchezwa usiku magharibi ya Mto Mississippi.

Mwaka 1925 ulifunguliwa uwanja wake, ambao unatumika hadi leo. Uwanja huo unajulikana pia kwa mashindano ya riadha ya Drake Relays, yaliyoanza mwaka 1910 na ambayo ni miongoni mwa mashindano makubwa ya riadha ya Marekani.

Kwa miaka mingi timu ilipambana na vyuo vikubwa kuliko chenyewe, ikishinda baadhi ya michezo na kupoteza mingine. Jina lake lisingevuka sana mipaka ya jimbo, kama si kijana mmoja aliyejiunga nayo mwishoni mwa miaka ya 1940.

Taya la Johnny Bright

Johnny Bright alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwenye kasi, nguvu na mkono wenye shabaha. Alikuwa mwanariadha na mcheza kikapu pia, lakini futiboli ndiyo iliyompa jina.

Mwaka 1949 na 1950 aliongoza wachezaji wote wa vyuo vya Marekani kwa jumla ya yadi zilizopatikana kwa kukimbia na kurusha mpira. Mwaka 1951, akiwa katika msimu wake wa mwisho, Drake ilikuwa imeshinda michezo yake yote mitano ya mwanzo, na Bright alikuwa akitajwa miongoni mwa wanaostahili tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo.

Oktoba 20, 1951, Drake ilisafiri hadi Stillwater, jimbo la Oklahoma, kucheza na chuo cha Oklahoma A&M, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma. Huko ubaguzi wa rangi ulikuwa jambo la kawaida. Kabla ya mchezo, uvumi ulienea mjini kwamba Bright asingemaliza dakika zake.

Uvumi huo ulitimia. Katika dakika saba za mwanzo, Bright aliangushwa mara tatu na kupoteza fahamu na mchezaji mzungu wa Oklahoma A&M, Wilbanks Smith. Alipigwa usoni kwa kiwiko cha mkono, akiwa hana mpira, wakati mchezo umekwishahamia upande mwingine. Wachezaji wa enzi hizo hawakuwa na vikinga vya uso.

Taya lake lilivunjika. Hata hivyo, kabla ya kutoka nje, aliweza kurusha mpira umbali wa yadi 61, kama meta 56, ukamfikia mwenzake aliyefunga tachidauni. Muda mfupi baadaye alishindwa kuendelea. Drake ilipoteza mchezo kwa pointi 27 kwa 14.

Mambo mengi ya aina hiyo yalitokea katika miaka ile na kusahaulika. Hili halikusahaulika kwa sababu ya kamera. Wapigapicha wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Robinson na Don Ultang, walikuwa wameusikia uvumi wakaamua kumwelekezea Bright kamera zao tangu mwanzo. Picha zao zilizofuatana zilionyesha wazi jinsi Smith alivyomfuata mtu asiye na mpira na kumpiga usoni.

Picha hizo zilichapishwa katika gazeti hilo, kisha katika jarida la Life, na nchi nzima ikaona. Mwaka 1952 wapigapicha hao walipewa tuzo ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika uandishi wa habari wa Marekani.

Swali likawa: nani atawajibishwa? Oklahoma A&M hawakumwadhibu mchezaji wao. Umoja wa vyuo uliosimamia ligi yao, Missouri Valley, nao haukuchukua hatua.

Ndipo chuo kidogo kilipofanya uamuzi mkubwa. Drake kilijitoa katika umoja huo kwa kupinga kilichotendeka, na chuo kingine, Bradley, kikajitoa kwa kuunga mkono. Kwa timu isiyo tajiri, kujitoa katika ligi ni kupoteza ratiba ya uhakika, wapinzani wanaojulikana na mapato ya milangoni. Timu ya futiboli ya Drake ilikaa nje ya umoja huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Tukio hilo lilichangia pia mabadiliko ya sheria za futiboli ya vyuo kuhusu upigaji wa kiwiko na matumizi ya vikinga vya uso.

Bright mwenyewe alimaliza wa tano katika kura za Heisman mwaka huo. Klabu ya Philadelphia Eagles ilimteua katika raundi ya kwanza kujiunga na ligi ya kulipwa, lakini alikataa. Alihofia namna ambavyo angepokewa na wachezaji kutoka majimbo ya kusini, akaamua kwenda Kanada.

Huko alitamba. Akiwa na timu ya Edmonton alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, mwaka 1954, 1955 na 1956, na mwaka 1959 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa ligi ya Kanada. Alipostaafu mwaka 1964, hakuna aliyekuwa amekimbia na mpira yadi nyingi kuliko yeye katika ligi hiyo. Baada ya hapo alikuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu wa shule. Alifariki dunia Desemba 1983.

Msamaha ulikuja akiwa kaburini. Mwaka 2005, miaka 54 baada ya tukio, rais wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma aliandika barua kwa Drake kuomba radhi rasmi. Mwaka uliofuata Drake kiliupa uwanja wake wa kuchezea jina la Johnny Bright.

Kufutwa na kufufuka

Heshima hailipi madeni. Kufikia miaka ya 1980 gharama za futiboli ya vyuo zilikuwa zimepanda mno. Kuwasomesha bure makumi ya wachezaji, kuwasafirisha, kuwavisha na kuwalipa makocha ni mzigo ambao chuo chenye wanafunzi wachache hakiwezi kuubeba bila kupunguza mambo mengine.

Baada ya msimu wa mwaka 1985, Drake kilifuta timu yake. Historia ya zaidi ya miaka 90 ikakatika kwa uamuzi wa uongozi.

Hapa wapenzi wa soka wa Morogoro wataona jambo wanalolifahamu. Timu ya taasisi huvuta pumzi kwa mapafu ya taasisi yake. Taasisi ikistawi, timu hustawi. Taasisi ikiyumba au ikibadili vipaumbele, jezi hukunjwa na kuwekwa kabatini.

Tofauti ni kwamba Drake haikukaa kabatini muda mrefu. Mwaka 1987 timu ilirudi, lakini kwa sharti jipya: hakuna mchezaji atakayesomeshwa kwa sababu ya futiboli. Anayetaka kucheza aje kusoma kwanza, alipe ada au apate msaada kwa vigezo vilevile vya wanafunzi wengine, kisha ajitokeze mazoezini.

Wapo walioamini timu ya namna hiyo isingefika mbali. Hata hivyo, Drake ikashirikiana na vyuo vingine vyenye mtazamo huo kuunda ligi iitwayo Pioneer, iliyoanza kuchezwa mwaka 1993, ambamo timu zote hucheza bila ufadhili wa masomo unaotokana na futiboli. Drake ikatwaa ubingwa wake mwaka 1995, 1998, 2000 na 2004.

Kwa maneno mengine, timu iliyokuja Arusha mwaka 2011 ilikuwa timu ya wanafunzi hasa. Walikuwemo waliosomea biashara, famasia, ualimu na fani nyingine, ambao hawakulipwa hata senti moja kwa kucheza.

Safari ya Arusha

Kanuni za wakati huo za michezo ya vyuo Marekani ziliruhusu timu kufanya ziara ya nje ya nchi mara moja kila baada ya miaka minne. Kwa msaada wa kampuni ya Global Football, inayoandaa michezo ya namna hiyo sehemu mbalimbali duniani, Drake ikachagua Tanzania. Kocha wake alikuwa Chris Creighton, aliyejiunga na timu hiyo mwaka 2008.

Kwa kuwa hapakuwa na timu ya Kitanzania ya kucheza nayo, mpinzani alitoka Mexico. Alikuwa timu ya nyota wa CONADEIP, umoja wa michezo wa vyuo binafsi vya nchi hiyo, ambako futiboli ya Kimarekani ina mizizi ya muda mrefu. Mchezo ukapewa jina la Kilimanjaro Bowl.

Uwanja wenyewe ulikuwa na maana yake. Sheikh Amri Abeid, ambaye jina lake limeandikwa langoni, hakuwa mwanamichezo wa kutajika. Alikuwa mshairi na mtaalamu wa kanuni za ushairi wa Kiswahili, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, na waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere hadi alipofariki mwaka 1964. Timu iliyomtetea mchezaji mweusi wakati wenye mamlaka walipofumba macho haikucheza mahali pabaya.

Watu zaidi ya 11,000 walihudhuria. Drake ilishinda kwa pointi 17 kwa 7. Kwa hesabu ya kawaida ya mchezo huo, ni tachidauni mbili zenye pointi zake za nyongeza na mpira mmoja wa milingotini, dhidi ya tachidauni moja ya wapinzani.

Ziara haikuishia uwanjani. Wageni waliwafundisha vijana misingi ya mchezo wao, wakafanya kazi za kujitolea katika jamii, kisha wakapanda Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa meta 5,895. Kwa vijana waliozoea tambarare za Iowa na wenye miili mizito, mlima huo ulikuwa mpinzani mgumu kuliko Wamexico.

Miezi michache baadaye, katika msimu wa mwaka huohuo wa 2011, Drake ilishinda michezo tisa na kupoteza miwili, ikamaliza kileleni mwa ligi ya Pioneer kwa pointi sawa na San Diego. Mwaka 2012 ilifanya hivyo tena. Ilirudi kuwa bingwa mwaka 2023 na 2024, na katika miaka yote hiyo miwili ikaingia katika mtoano wa taifa, ambako ilitolewa na timu zenye ufadhili mkubwa. Mwaka 2023 ilifungwa na North Dakota State kwa pointi 66 kwa 3. Huo ndio ukweli wa timu ndogo: inaweza kuwa bingwa wa kwao na bado ikakutana na ukuta.

Je, mchezo huu una nafasi Afrika Mashariki? Dalili zipo. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mcheza raga, alisajiliwa na klabu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Mwaka 2023 ligi ya kulipwa ya Marekani, NFL, ilifanya kambi ya vijana jijini Nairobi. Aidha, aina nyepesi ya mchezo huo, isiyo na kugongana, ambamo mchezaji huzuiwa kwa kuchomolewa kitambaa kiunoni, imeingizwa katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. Aina hiyo haihitaji kofia wala vikinga vya bei kubwa. Mpira mmoja na eneo tambarare vinatosha.

Morogoro ijifunze nini

Mtu anaweza kuuliza, historia ya timu ya Des Moines inatuhusu nini sisi tunaoamka tukiitazama Milima ya Uluguru?

Inatuhusu kwa sababu Morogoro ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kipo chini ya milima hiyo. Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1953, kipo kando ya barabara ya Iringa. Vyuo vingine vimefuata, na kila mwaka maelfu ya vijana huingia mjini wakiwa na nguvu, vipaji na muda wa jioni.

Funzo la kwanza ni kwamba timu ya chuo haihitaji utajiri ili iishi, inahitaji uamuzi. Drake ilikufa ilipojaribu kuishi kama matajiri, ikafufuka ilipokubali kuishi kwa kipato chake. Vyuo vinavyokabiliwa na uhaba wa fedha vina njia ya tatu kati ya timu ya gharama na kutokuwa na timu kabisa: kuwa na ligi ya kudumu miongoni mwa majirani, yenye ratiba inayojulikana, ambayo wachezaji wake ni wanafunzi wa kawaida.

Funzo la pili ni kwamba heshima ya timu huonekana siku inapopoteza. Watu hawaikumbuki Drake ya 1951 kwa michezo mitano iliyoshinda. Wanaikumbuka kwa mchezo iliyofungwa, na kwa namna chuo kilivyosimama na mwanafunzi wake baada ya hapo, hata kama msimamo huo ulikuwa na gharama.

Funzo la tatu ni kumbukumbu. Kisa cha Bright kisingefika kwetu kama wapigapicha wawili wasingekuwa pembeni ya uwanja, kama gazeti lisingechapisha na kama chuo kisingetunza. Leo yeyote anaweza kujua matokeo ya Drake ya tangu karne ya 19, mchezo kwa mchezo.

Sisi je? Mseto ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1975. Vijana walioshangilia siku hiyo leo ni wazee, na kila mwaka unaopita idadi yao inapungua. Picha za kikosi kile, majina ya waliokuwa benchi, habari za safari na michango iliyokusanywa ili timu isafiri, vipo wapi? Vingi vimo vichwani mwa watu na katika makabati ya familia. Hali ni hiyohiyo kwa timu za vyuo na za taasisi zilizopita mjini hapa.

Kazi hiyo haimsubiri mfadhili kutoka nje. Mwanafunzi wa chuo mwenye daftari na simu yenye kamera anaweza kuianza wikiendi hii, kwa kubisha hodi kwa mzee mmoja aliyewahi kuvaa jezi. Wadau wa michezo, maofisa utamaduni na wakuu wa vyuo wanachotakiwa ni kumpa mahali pa kuyahifadhi atakayoyakusanya, kabla wenye kumbukumbu hawajaondoka nazo.